Habari za Jua, Likizo na Kazi

Somo kwa wanaojifunza Kiswahili. Limeandikwa na mwanafunzi wa Kidato cha Sita.

Katika shule zetu za Uganda mwanafunzi wa Kiswahili aweza kutaja ngeli zote bila kusita, akapatanisha sentensi ndefu pasipo kosa, akapata alama nzuri katika mtihani, kisha akashindwa kuongea kwa dakika tano na mtu aliyeketi naye katika basi. Akisha kusema "Habari?" na kujibiwa "Nzuri," hana la kuongeza. Hutazama dirishani mpaka mwisho wa safari. Sababu ni kwamba hatujifunzi sana yale maongezi ambayo watu huyaona si kitu: jua la leo, likizo ilivyokwenda, kazi inavyochosha. Katika somo hili nataka kuonyesha kwamba maongezi hayo si porojo tupu. Sehemu kubwa ya adabu ya Kiswahili imekaa humo, na asiyeyajua huonekana mkavu, hata kama sarufi yake ni safi.

Jambo hili latuhusu sisi wa Uganda kuliko majirani zetu wa Kenya na Tanzania. Kiswahili kiliingia kwetu kwa njia nyingi, za biashara na za dini, lakini watu wengi wa vijijini walikisikia kinywani mwa askari. Jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, lilikitumia kwa askari wake wa makabila mbalimbali, na baada ya uhuru majeshi na polisi waliendelea nacho. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Basi wazee wengi wakakijua Kiswahili kwa maneno kama "Simama!", "Kaa chini!", "Fungua!", "Leta!" Maneno hayo ni Kiswahili halisi, hayana kosa la sarufi, lakini ni kama nyumba yenye mlango wa nyuma tu. Mtu aliyeisikia lugha katika kizuizi cha barabarani, usiku, hawezi kulaumiwa akidhani kwamba lugha hiyo haina "tafadhali" wala "pole". Hata leo bibi wa kijijini aweza kushtuka akisikia kijana anaongea Kiswahili nje ya mlango wake.

Sasa mambo yamegeuka. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Ni habari njema. Lakini kama tutawafundisha wadogo zetu ngeli na amri peke yake, tutakuwa tumewapa kile kile walichopewa babu zao, ila safari hii kwa chaki. Kwa hiyo tuanze na salamu.

Kila mtu ajua kwamba "habari" hufuatwa na "za". Habari za asubuhi, za kutwa, za jioni. Za nyumbani, za safari, za kazi, za likizo, za siku nyingi, za tangu juzi. Mnenaji mzuri hachukui ile ya kwanza inayomjia. Huchagua ile inayomfaa mtu aliye mbele yake. Mwenye jembe begani huulizwa habari za shamba, na mwenye mzigo wa safari huulizwa habari za safari. Katika miji ya Tanzania utasikia hata "Habari za mihangaiko?" na anayeulizwa hucheka kidogo, maana amejua kwamba mwenzake ameona jasho lake.

Jibu lina kanuni yake, nayo ni kanuni ambayo wanafunzi hukosea zaidi. Jibu la kwanza ni jema daima: nzuri, njema, salama. Ndipo huja "ila". "Njema, ila mtoto ana homa." "Salama tu, ila jua hili litatumaliza." Mwanafunzi aliyezoea kusema kweli moja kwa moja huulizwa "Habari za kazi?" akajibu "Mbaya." Aliyeuliza hushtuka, hudhani kuna msiba. Mwingine husema "Nzuri" akanyamaza, na mwenzake hudhani hataki maongezi. Neno "nzuri" halisemi kwamba mambo yote ni mazuri. Lasema, "Nipo, nimekusikia, tuendelee." Habari yenyewe imo nyuma ya "ila".

Tuje kwenye jua na mvua. Hapa nina neno juu ya sentensi moja ambayo imejaa katika madaftari yetu: "Hali ya hewa leo ni nzuri." Si kosa. Lakini hiyo ni sentensi ya mtangazaji wa redio; sokoni hutaisikia. Watu husema "Leo jua!" wakatikisa kichwa, na hilo latosha. Au husema "Jua limewaka leo," "Jua linachoma," "Leo fukuto," yaani lile joto zito la kabla ya mvua ambalo hufanya shati lishikamane na mgongo. Mvua ikianza kidogo ni manyunyu au rasharasha. Mawingu hutanda, upepo huvuma, mvua hunyesha, radi hupiga, jua huchomoza asubuhi na kuchwa jioni. Kila kimoja kina kitendo chake, na ni heri kuvikariri hivyo viwili viwili kuliko kukariri majina peke yake.

Halafu kuna "moto" na "joto". Moto ni ule wa jikoni, na kitu kilichopata moto huitwa cha moto: maji ya moto, chai ya moto. Hewa ina joto. Anayesema "Leo ni moto sana" anaeleweka, lakini mtu wa pwani atatazama huku na huku kuona nyumba ipi inaungua. Kadhalika usiseme "Mimi ni baridi." Katika Kiswahili joto na baridi husikiwa au huonwa: "Nasikia baridi," "Naona joto." Masikio na macho hufanya kazi ya ngozi, nami naona ni jambo zuri, wala halihitaji maelezo zaidi.

Ukilalamikiwa juu ya jua, kubali. Usijibu kwa kipimo. Mtu akisema "Jua la leo kali," hakuulizi ni digrii ngapi. Anakukaribisha mkae upande mmoja, ninyi wawili, na jua upande wa pili. Jibu ni "Acha tu!" au "Si mchezo," au "Tangu asubuhi!" Mwanafunzi wa sayansi anayejibu "Lakini jana lilikuwa kali zaidi" amefunga mlango aliofunguliwa.

Majina ya majira ni sehemu yenye mitego, maana neno moja hubadilika kwa kila mahali. Rafiki wa Uingereza akikuandikia juu ya majira yake ya joto, kamusi itakupa "kiangazi". Ni sawa, lakini fikiri. Katika London mwezi wa Juni jua hutua saa tatu za usiku zimepita, na mwezi wa Desemba hutua kabla ya saa kumi alasiri. Kwa hiyo Mwingereza akifurahia majira hayo hafurahii joto peke yake, hufurahia urefu wa mchana. Sisi tulio karibu na Ikweta mchana wetu na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima, na hatuna neno kwa furaha hiyo kwa sababu hatujapata kuikosa. Joto lao nalo si la kuchekwa siku hizi: tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilipita digrii 40 kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze kuwekwa, katika nchi ambayo nyumba zake zimejengwa kuzuia baridi.

Kiangazi chetu ni kitu kingine. Neno lina undugu na anga na mwanga. Ni wakati ambapo mbingu i wazi na mvua haipo. Halisemi lazima kuna joto. Mjini Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni, miezi ya Juni na Julai ni mikavu kabisa, nayo ndiyo miezi ya baridi. Mji uko juu kiasi cha mita 1,200, na usiku watu hutafuta sweta na blanketi. Joto huja Oktoba, mvua zinapokaribia. Basi ukimwandikia mtu wa huko mwezi wa Julai, "Pole na joto la kiangazi," atajiuliza kama barua ilikuwa yake.

Pwani nako majira huhesabiwa kwa pepo. Kaskazi huvuma tangu mwisho wa mwaka mpaka karibu Machi, na huo ndio wakati wa joto kali Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Kusi huvuma katikati ya mwaka, na kati ya Juni na Agosti huwa kipupwe, hewa ya ubaridi ambayo sisi wa milimani tungeiita joto. Zamani majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na hivyo habari za upepo zilikuwa habari za biashara, za mizigo, na za wanaume waliokuwa safarini. Mvua kubwa ni masika, kuanzia Machi hata Mei. Mvua ndogo za mwisho wa mwaka ni vuli. Kwetu Kampala mvua nazo huja mara mbili kwa mwaka, na kwa sababu hiyo maneno masika na vuli yanatufaa bila shida. Shida ni kwamba hatuyatumii. Twasema "musimu wa mvua" kama tunasoma ramani.

Juu ya likizo sina mengi, ila maneno matatu yanaweza kumpoteza mgeni. La kwanza ni "kufunga". Shule hufungwa na kufunguliwa, na wanafunzi huulizana "Mmefunga lini?" Lakini ukiulizwa "Umefunga?" katika mwezi wa Ramadhani, shule haimo katika swali hilo, unaulizwa kama umekaa bila kula. La pili ni "kushinda". "Siku nzima nilishinda nyumbani" si habari ya mchezo wa mpira. Mtu hushinda mahali, yaani hukaa hapo mchana kutwa, ndiyo maana jioni huulizwa "Umeshindaje?" La tatu ni likizo lenyewe, ambalo Kongo, waliotawaliwa na Wabelgiji, wengi huliita konje, kutokana na Kifaransa. Ukisikia fundi wa Bukavu asema yuko konje, usimwulize mji huo uko wapi.

Lakini maongezi ya likizo yana ukweli wake ambao vitabu havisemi. Katika mifano ya vitabu mtoto huenda likizo kuogelea na kutazama wanyama. Wengi wetu huenda likizo kupalilia, kuanika kahawa, kuchunga mbuzi, kumtunza mgonjwa, au kutafuta karo ya muhula ujao. Likizo ya mwisho wa mwaka huangukia jua la Desemba na Januari, na jembe huwa zito zaidi saa sita ya mchana. Kwa hiyo ukimwuliza mwenzako "Habari za likizo?" akajibu "Njema, tulishinda shambani," usiseme "Lo, hukupumzika!" kana kwamba amekosa kitu. Sema "Poleni na kazi." Neno hilo huheshimu alichofanya, na halimlazimishi kueleza kwa nini hakwenda popote.

Nimefika kwenye "pole", na hapa nitakaa kidogo, maana nadhani ndilo neno kubwa la somo hili.

Baganda wakimpita mtu anayefanya kazi humwambia "Gyebale ko," nalo ni neno la kumshukuru na kumsifu kwa kazi yake, hata kama anajilimia shamba lake mwenyewe. Mswahili akimpita mtu huyo huyo humwambia "Pole na kazi." Mmoja hushukuru, mwingine huhurumia. Mwanafunzi Mganda akitafuta neno la kutafsiri "Gyebale ko" husema "Asante kwa kazi," na mkulima hushangaa, kwa kuwa hakumfanyia yeye kazi yoyote. Makabila mengi huona wajibu ule ule, kwamba mtu anayetoka jasho hapitwi kimya, ila kila moja lina mlango wake wa kuingilia.

Hitilafu ya pili yatoka upande wa Kiingereza. Twasema "sori" mtu akijikwaa, na Mwingereza hujiuliza tumemfanyia kosa gani. Hiyo ni "pole" iliyovaa koti la kigeni. Katika Kiswahili "pole" haikiri kosa. Kosa huombewa samahani au radhi. Ukimkanyaga mtu ni "samahani", na "pole" huja baada yake kwa ajili ya maumivu. Akikanyagwa na mwingine ni "pole" tu. Wenzetu wengi huchanganya haya mawili, na katika ofisi au dukani mchanganyiko huo waweza kuleta ugomvi, maana mmoja hudhani mwenzake amekiri deni.

Tazama pia jibu. Ukiambiwa "Pole," waweza kusema "Asante," lakini Tanzania utasikia pia "Nimeshapoa." Kitendo "poa" ni kupungua joto, kama chai inavyopoa, tena ni kupona, kama kidonda kinavyopoa. Basi anayekupa pole ni kama anayekupepea, nawe wamjibu kwamba upepo umefika. Jua na kazi vimekutana katika neno moja. Vimekutana vilevile Kenya, ambako mafundi wadogo wa chuma na mbao huitwa "jua kali", kwa kuwa wengi wao walianza kazi zao nje bila paa, kama wale wa Kamukunji, Nairobi. Leo hata fundi mwenye paa huitwa hivyo. Hali ya hewa imekuwa jina la kazi.

Manung'uniko ya kazi nayo yana mpaka. Yaruhusiwa kusema kazi ni nyingi, bei zimepanda, mwisho wa mwezi uko mbali, nimechoka hoi. Hayo ni ya watu wote. Kumtaja mkubwa wako kwa jina mbele ya mtu usiyemjua hakuruhusiwi, na msikilizaji mwenye adabu hatakufuata huko. Atasema "Ndiyo kazi," kisha atarudi kwenye jua. Ndugu zetu mliosoma hapa na sasa mko maofisini mnalijua hili kuliko mimi.

Sasa tuseme kwamba mwanafunzi wetu amevuka mpaka pale Mutukula, amefika Bukoba, na baiskeli aliyoazima imepata pancha. Aona fundi mzee chini ya mti. Sikiliza.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Hujambo?

— Sijambo. Pole na kazi.

— Asante, nimeshapoa. Habari za huko utokako?

— Njema tu, mzee. Ila jua la leo!

— Acha tu, mwanangu. Tangu asubuhi linawaka kama linatudai. Jana fukuto, leo fukuto, na mvua inatutania.

— Labda jioni itanyesha. Naona mawingu yanatanda upande wa ziwani.

— Mungu akipenda. Mmefunga shule?

— Ndiyo, tumefunga tangu Ijumaa.

— Basi sasa ni kupumzika.

— Kupumzika wapi, mzee! Nyumbani mahindi yanangoja palizi.

— Ndiyo likizo ya mtoto wa mkulima. Hata sisi huku, vipuri vimepanda bei, na wenye baiskeli wanataka kulipa kama zamani.

— Poleni sana. Lakini mnakwenda?

— Tunakwenda hivyo hivyo. Haya, lete hilo gurudumu tulione.

Angalia kwamba kijana hakutaja pancha hata mara moja. Fundi aliiona tangu mwanzo. Alikuwa akimngoja kijana amalize kuwa mtu kabla ya kuwa mteja. Angalia tena kwamba fundi ndiye aliyetaja bei kwanza, tena kwa kulalamika, nalo ni onyo la upole kwamba kazi yake haitakuwa ya bure. Kijana akasema "Poleni", kwa wingi, ingawa fundi ni mmoja, maana alimhurumia pamoja na nyumba yake na mafundi wenzake. Na swali "Lakini mnakwenda?" ni zuri sana. Halikatai shida, wala halimwachi mtu ndani yake.

Weka kando ya hayo sentensi hii: "Mzee, gurudumu langu limetoboka. Ni shilingi ngapi kuliziba?" Mwalimu ataipa alama kamili. Fundi naye ataitengeneza baiskeli. Lakini bei atakayotoa ni bei ya mpita njia, na maongezi yatakwisha hapo.

Kuagana nako kusisahauliwe. Aliyebaki kazini huambiwa "Kazi njema," na anayeondoka huambiwa "Safari njema" au "Uwasalimu nyumbani," hata kama humjui mtu wa nyumbani kwake. Jibu ni "Zimefika," ingawa salamu hizo hazijatoka hata chini ya mti.

Zoezi. Mwenzako amerudi shuleni mwezi wa Februari, mikono ina malengelenge ya jembe na uso umepigwa na jua. Wewe ulikuwa mjini kwa shangazi, hukushika jembe. Andika maongezi yenu ya mistari kumi na miwili. Kila mmoja atumie "ila" mara moja, neno "pole" lipatikane na jibu lake, na deni la kitabu alichokuazima muhula uliopita lisitajwe kabla ya mstari wa kumi. Nanyi mliotutangulia, mlio Mombasa, Mwanza, Goma na kwingineko, tuandikieni jinsi watu wa huko wanavyolalamikia jua. Tungependa kuyachapa katika toleo lijalo.